Eugenia Charles wa Dominica: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila hotuba ya Mia Mottley wa Barbados inaposambaa kwenye simu zetu, hakosi mtu wa kuuliza kama yeye ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza nchi huko Karibi. Siye. Miaka 38 kabla Mottley hajaapishwa, mwanasheria mmoja wa kisiwa kidogo cha Dominica alikwisha kushika usukani, na akaushika karibu miaka 15. Haya ndiyo maswali ambayo watu huyarudia kumhusu.

### Tuanze na mwenyewe

1. Eugenia Charles alikuwa nani hasa?

Mary Eugenia Charles alizaliwa tarehe 15 Mei 1919 na kufariki tarehe 6 Septemba 2005. Alikuwa wakili, mwanzilishi wa chama cha Dominica Freedom Party, kiongozi wa upinzani, kisha waziri mkuu kuanzia tarehe 21 Julai 1980 hadi tarehe 14 Juni 1995. Alishinda uchaguzi mkuu mara tatu mfululizo: 1980, 1985 na 1990. Alipoapishwa alikuwa na miaka 61, umri ambao wengi huanza kuhesabu pensheni.

2. Dominica ndiyo hiyo Jamhuri ya Dominika ya akina Santo Domingo?

Hapana, na Wadominica wamechoka kulijibu swali hili. Jamhuri ya Dominika ina watu mamilioni, inazungumza Kihispania na imepakana na Haiti. Dominica ni kisiwa peke yake, chenye kilomita za mraba 750 hivi na watu wapatao 70,000, katikati ya Guadeloupe na Martinique. Lugha ya serikali ni Kiingereza. Mitaani na mashambani utasikia pia Kikrioli chenye asili ya Kifaransa. Mji mkuu ni Roseau. Watu wake wengi ni wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani, na kando yao wapo Wakalinago, wenyeji wa tangu kabla ya Wazungu.

Wakatoliki wanaosali kwa Kiswahili hawatapata taabu kulikumbuka jina hili. Kanisani Jumapili ni Dominika, na kisiwa kilipewa jina hilo kwa sababu Columbus alikiona siku ya Jumapili, tarehe 3 Novemba 1493. Uhuru nao ulipatikana tarehe hiyohiyo, 3 Novemba, mwaka 1978.

3. Ni kweli alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza serikali katika bara la Amerika?

Inategemea unavyolielewa neno "kuongoza". Isabel Perón alikuwa rais wa Argentina mwaka 1974, lakini aliingia akiwa makamu wa rais baada ya mumewe kufariki. Lidia Gueiler aliishika Bolivia kwa muda mwaka 1979. Katika Antili za Uholanzi mwanamke aliwahi kukaimu uwaziri mkuu mwaka 1977. Eugenia Charles ndiye wa kwanza kwenda kwa wapiga kura akiwa kiongozi wa chama chake mwenyewe, akashinda, akaunda serikali. Hakurithi kiti cha mume wala baba. Kwa hiyo ukisema "wa kwanza kuchaguliwa kwa nguvu zake mwenyewe", hakuna atakayekubishia.

4. Kwa nini wengine humwita "Mamo" na wengine "Mwanamke wa Chuma"?

"Mamo" ni jina la nyumbani. Wadominica walimwita hivyo kwa mapenzi, na masikio ya Kiswahili hayahitaji tafsiri. "Mwanamke wa Chuma wa Karibi" ni la magazeti ya nje, yaliyomfananisha na Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, kwa kuwa walikuwa madarakani wakati mmoja na wote wawili hawakuupenda ukomunisti. Ufanano huo una mipaka. Thatcher hakuwahi kutawala nchi ambayo kimbunga kimoja kingeweza kuezua karibu kila nyumba.

### Nyumbani, shuleni, mahakamani

5. Alitoka familia ya namna gani?

Alizaliwa Pointe Michel, kijiji cha wavuvi kusini mwa Roseau. Baba yake, John Baptiste Charles, alianza maisha kama fundi mwashi, akapanda hadi kuwa mfanyabiashara na mwenye mashamba. Ndiye aliyeanzisha benki ya ushirika iliyojulikana kama "Benki ya Senti", ambako mtu wa kipato kidogo aliweza kuweka hata sarafu chache. Mzee aliishi zaidi ya miaka mia, akamwona binti yake akiwa waziri mkuu.

Utajiri huo ulimsaidia na pia ulimgharimu. Wapinzani wake hawakuacha kumwita mtoto wa wakubwa wa Roseau asiyejua jua la shamba. Kwa kiasi fulani walikuwa na haki: chama chake kwa miaka mingi kilikuwa cha watu wa mjini, na ilimbidi asubiri miaka 12 kabla vijiji havijamwamini.

6. Aliingiaje kwenye sheria?

Kwa mlango wa pembeni. Baada ya masomo ya sekondari kwa masista, Roseau na kisha Grenada, alijifunza hatimkato. Ili mkono uzoee kasi, alikuwa akienda kukaa mahakamani na kuandika kila kilichosemwa: hakimu anauliza, shahidi anajikanyaga, wakili anadakia. Penseli ilikimbia, na sikio nalo likawa linajifunza. Mwisho aliona afadhali asimame aseme kuliko kukaa akiandika maneno ya wengine.

Alichukua shahada Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, akaendelea London, ambako alikubaliwa kuwa wakili mwaka 1947. Aliporudi Dominica mwaka 1949 alifungua ofisi Roseau na kuwa mwanamke wa kwanza kufanya uwakili kisiwani.

7. Aliolewa? Alikuwa na watoto?

Hakuolewa na hakuwa na watoto. Wapo waliolifanya hili silaha kwenye kampeni. Haikuwasaidia.

### Njia ya kuelekea madarakani

8. Ilikuwaje wakili wa miaka karibu 50, mwenye kazi nzuri, akaingia siasa?

Alichokozwa. Mwaka 1968 serikali ya Edward LeBlanc wa chama cha Labour ilipitisha sheria ya kuzuia maandishi ya uchochezi. Waliolengwa walijulikana: magazeti madogo ya Roseau, *Herald*, *Chronicle* na *Star*, yaliyokuwa yakiikosoa serikali wiki hadi wiki, na watu walioyaandikia, Charles akiwamo. Mtaani sheria ikabatizwa "Funga Mdomo Wako".

LeBlanc hakuwa dikteta wa katuni. Alikuwa mtu wa wanyonge, aliyependwa sana vijijini, na aliamini magazeti yale ni chombo cha matajiri waliokosa madaraka. Lakini alikosea kumpa mwanasheria mwenye ulimi mkali sababu ya kupanda jukwaani. Mikutano ya kuipinga sheria ikazaa kundi, na kundi likazaa chama, Dominica Freedom Party. Uchaguzi wa 1970 kilipata viti 2 tu kati ya 11, na Charles mwenyewe aliingia bungeni kwa kuteuliwa. Mwaka 1975 alichaguliwa na watu wa Roseau, akawa kiongozi wa upinzani.

Mstari huu wa 1968 uwekeni akilini mnaposoma jibu la 12. Aliyeingia siasa akitetea haki ya kuisema serikali, naye siku moja alikuwa serikali.

9. Ni kweli aliwahi kwenda bungeni na vazi la kuogelea?

Ndivyo inavyosimuliwa Dominica, na kisa hiki kimeandikwa mara nyingi katika habari za maisha yake. Enzi za upinzani, upande wa serikali ulileta kanuni kuhusu mavazi ya bungeni. Bi Charles, mama mtu mzima wa heshima zake, akatokea na vazi la kuogelea kuonyesha kwamba kanuni hiyo ilikuwa upuuzi. Wabunge wetu hurushiana vitabu vya kanuni na kutoka nje ya ukumbi. Hili sijasikia wakilijaribu.

10. Alishindaje mwaka 1980 wakati miaka mitano nyuma alikuwa na viti vitatu?

Serikali ilijiangusha, na kimbunga kikamaliza. Baada ya uhuru, waziri mkuu Patrick John alianza kupoteza imani ya watu haraka. Kulikuwa na mpango wa kumkodisha mfanyabiashara wa Texas eneo kubwa la ardhi ya kaskazini kwa ajili ya bandari huru, na taarifa za mipango ya kibiashara iliyogusa Afrika Kusini ya makaburu, jambo la aibu kwa nchi ya watu weusi. Kisha ikaja miswada miwili, mmoja wa kubana migomo, mwingine wa kubana magazeti. Tarehe 29 Mei 1979 umati ulijaa mbele ya ofisi za serikali Roseau, jeshi likafyatua risasi, kijana akafa. Nchi ikagoma. Mawaziri wakajiuzulu mmoja baada ya mwingine hadi John akaondolewa, na Oliver Seraphin akashika nafasi kwa muda.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 29 Agosti, kikapiga Kimbunga David. Kwa saa chache kisiwa cha kijani kikawa cha kahawia: miti imevuliwa majani, migomba imelala chini, mabati yametapakaa mabondeni kama karata. Karibu robo tatu ya watu hawakuwa na pa kulala. Misaada ilipoanza kufika, yakafuata malalamiko kuhusu namna ilivyogawiwa.

Kwa hiyo Julai 1980 watu walikuwa wanamtafuta mtu wa kushika daftari la hesabu bila kuiba. Freedom Party ilipata viti 17 kati ya 21. Patrick John alipoteza hata kiti chake.

### Miaka ya uwaziri mkuu

11. Ku Klux Klan kweli walitaka kumpindua?

Kweli, ingawa ukisimuliwa utadhani ni sinema ya vichekesho. Mwanzoni mwa 1981 serikali iligundua njama iliyomhusisha Patrick John na baadhi ya askari wa jeshi la ulinzi. Upande wa pili wa njama ulikuwa Marekani: kundi la Wazungu wabaguzi, wengine wa Ku Klux Klan na wengine wafuasi wa Unazi, likiongozwa na Mike Perdue wa Texas, lilipanga kuvuka bahari na silaha, kumng'oa Charles na kumrudisha John. Malipo yao yangekuwa biashara na ushawishi kisiwani. Wabaguzi wa rangi wakapigane ili mtu mweusi mmoja amrithi mtu mweusi mwingine. Tamaa haina rangi.

Mwenye boti waliyemkodi aliwachomea. Tarehe 27 Aprili 1981 watu kumi walikamatwa karibu na New Orleans wakiwa na bunduki, baruti na bendera ya Kinazi. Mmoja wao, Don Black, alijifunza kompyuta gerezani na baadaye akaanzisha mojawapo ya tovuti za kwanza za chuki ya rangi kwenye intaneti.

12. Jeshi la Dominica lilienda wapi? Na ni nani alinyongwa?

Charles alilivunja jeshi mwaka huohuo wa 1981. Mpaka leo Dominica haina jeshi, ina polisi tu. Lakini Desemba 1981 watu waliokuwa na uhusiano na jeshi lile walivamia makao makuu ya polisi na gereza wakitaka kumtoa John. Kulitokea vifo, kamishna wa polisi akajeruhiwa, na jaribio likashindwa.

Aliyekuwa mkuu wa jeshi, Frederick Newton, alihukumiwa kifo pamoja na wenzake watano. Watano walipunguziwa adhabu. Newton alinyongwa mwaka 1986. John alifungwa miaka 12 mwaka 1985, akaachiwa 1990.

Katikati ya miaka hiyo serikali ilipitisha pia sheria kali za uhaini na usalama wa taifa. Wakosoaji walimkumbusha "Funga Mdomo Wako". Kwa maoni yangu kuna tofauti: LeBlanc alikuwa anaogopa wahariri, Charles aliponea chupuchupu mara mbili katika mwaka mmoja. Hata hivyo, wengi waliofanya naye kazi wanakiri kwamba hakupenda kubishiwa, na bungeni alijibu watu kama mwalimu mkuu anavyojibu wanafunzi waliochelewa.

13. Alihusikaje na uvamizi wa Grenada?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi nje ya Dominica. Tarehe 19 Oktoba 1983 waziri mkuu wa Grenada, Maurice Bishop, aliuawa kwa risasi na wanamapinduzi wenzake pamoja na mawaziri na wafuasi wake kadhaa. Wakati huo Charles alikuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Nchi za Karibi ya Mashariki, iliyoundwa miaka miwili tu kabla. Viongozi wa visiwa walikutana Barbados, wakaamua kuomba msaada wa kijeshi kwa Marekani, Jamaika na Barbados.

Asubuhi ya tarehe 25, majeshi yakiwa yamekwisha kutua, dunia ilimwona mama wa miaka 64 amesimama kando ya Rais Ronald Reagan wa Marekani mbele ya waandishi wa habari mjini Washington. Alizungumza bila kusitasita, akakataa neno "uvamizi", akasema wao ndio walioomba. Kwa Wamarekani wengi ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia kuna nchi inaitwa Dominica.

Je, alikuwa sahihi? Wagrenada wengi walifurahi, na ushahidi wa furaha hiyo upo. Lakini Trinidad na Guyana zilipinga, wanasheria walihoji kama mkataba wa jumuiya yao uliruhusu hatua ile, Thatcher alikasirika kwa kuwa Grenada ilikuwa nchi ya Jumuiya ya Madola ambayo mkuu wake wa nchi alikuwa Malkia wa Uingereza, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililaani kwa kura 108 dhidi ya 9. Dominica ilikuwa katika zile 9. Charles hakuwahi kujuta hadharani.

14. Je, alilipwa na CIA?

Madai yalitolewa kwamba fedha za siri za Marekani zilipita kwa serikali yake wakati wa Grenada. Aliyakanusha. Kisichobishaniwa ni misaada ya wazi: baada ya 1983 fedha za Marekani za barabara zilipatikana kwa urahisi zaidi kuliko awali.

15. Aliufanyia nini uchumi?

Alikuwa pia waziri wa fedha, na ndiko alikostahili sifa zaidi kuliko Grenada. Alikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, akabana matumizi, akawasaka wakwepa kodi, akajenga upya barabara, umeme na shule zilizobomolewa na David na kile cha mwaka uliofuata, Allen.

Uchumi wenyewe ulikuwa ndizi, na si matoke ya kupika bali ndizi za kula mbivu, zinazosafirishwa zikiwa bichi kwenda Uingereza kwa meli za kampuni ya Geest. Siku ya meli kijiji kizima kiliamka kabla ya jogoo: wanaume wanakata mikungu, wanawake wanaibeba kichwani, vichana vinaoshwa utomvu na kupangwa kwenye maboksi. Malipo yalikuja mara kwa mara mwaka mzima, tofauti na wakulima wa kahawa wanaosubiri msimu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu waliziita dhahabu ya kijani. Kisha Ulaya ikaunganisha soko lake mwaka 1993, ulinzi wa bei ukaanza kubomoka, na vijiji vikaanza kuhama.

16. Kwa nini alikataa kasino?

Alitaka wageni wanaokuja kuona misitu na mito, si wa kucheza kamari na kulewa. Hakutaka kasino, kumbi za usiku wala maduka yasiyo na ushuru. Wafanyabiashara wa Roseau walinung'unika. Leo Dominica inajiuza kama "kisiwa cha asili", na waliokuwa wakinung'unika wanauza safari za maporomoko.

17. Mpango wa kuuza uraia ulianza enzi zake?

Ndiyo, mwaka 1993. Kwa mtu aliyekuwa mkali hivyo juu ya heshima ya nchi, watu wengi walishangaa, na upinzani ulimshambulia sana. Serikali zilizofuata hazikuufuta. Umekuwa nguzo ya bajeti.

### Maswali ya pembeni

18. Alikuwa mtetezi wa haki za wanawake?

Kwa vitendo, tuseme. Kwa jina, hapana. Alikuwa akisema mwanamke wa Dominica habaguliwi na kwamba yeye mwenyewe hakuzuiliwa na mtu. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa binti wa J. B. Charles. Hata hivyo, chini ya serikali yake Marie Davis Pierre alikuwa Spika wa Bunge, na kizazi kizima cha wasichana kilikua kikiona jambo hilo ni la kawaida.

19. Ana uhusiano wowote na Afrika?

Mbali na ukoo, upo mmoja wa kukumbukwa. Oktoba 1991, viongozi wa Jumuiya ya Madola walipokutana Zimbabwe na kutoa Azimio la Harare, Malkia Elizabeth alimpa hukohuko Harare nishani iliyomfanya aitwe "Dame". Wadominica hupenda kutaja kwamba alivishwa Afrika, si Uingereza.

20. Aliondokaje madarakani?

Kwa hiari, kabla hajaondolewa. Wingi wake bungeni ulikuwa ukipungua: viti 17, kisha 15, kisha 11 kati ya 21. Hakugombea tena mwaka 1995, akamwachia chama Brian Alleyne. Chama kilishindwa na kile cha Edison James, kikabaki na viti 5, na tangu hapo hakijawahi kuongoza serikali peke yake. Alijenga nchi kuliko alivyojenga warithi.

21. Alifariki vipi?

Baada ya kustaafu alirudi darasani Marekani kusoma mambo ya kimataifa, akiwa amepita miaka 75, akashiriki pia shughuli za Kituo cha Carter, taasisi iliyoanzishwa na Jimmy Carter, aliyewahi kuwa rais wa Marekani. Mwaka 2005 alianguka, akavunjika nyonga, akapelekwa hospitali Fort-de-France, Martinique. Huko ndiko alikofariki, akiwa na miaka 86.

22. Rekodi zake bado zinashikilia?

Ya kukaa muda mrefu Dominica imevunjwa na Roosevelt Skerrit, aliyeingia mwaka 2004. Ya waziri mkuu mwanamke aliyetawala muda mrefu zaidi bila kukatika ilivunjwa na Sheikh Hasina wa Bangladesh. Kuhusu "wa kwanza", rudi swali la 3.

23. Nikifika Roseau, nitaona nini cha kumkumbusha?

Barabara ya ufukweni inaitwa Dame Eugenia Charles Boulevard. Ndipo zinapofunga meli kubwa za watalii, na abiria elfu kadhaa hushuka kwa mkupuo kutafuta kofia na fulana, wakipita chini ya jina la yule mama aliyekuwa hawataki wengi hivyo.